Herufi Niliyoifuta Kwenye Kadi Yako

Chumba cha juu, upande wa ngazi,
Nyumbani kwa kaka yako.
Jumapili, tarehe 6, saa nane mchana.

Mpendwa Shangazi,

Funga mlango kwanza, ndipo usome. Nakuomba kwa heshima zote, neno lolote lililomo humu lisivuke kizingiti chako. Usimsomee jirani, usiwadokezee Mapacha wako, na Baba akikupigia kukujulia hali usijikwae ukasema nimekuandikia. Ningeweza kupiga simu, lakini kuta za nyumba hii ni karatasi, na ofisini simu iko mezani kwa msimamizi. Siri ya wawili ni siri, ya watatu ni tangazo. Sisi tayari tuko watatu, na huyo wa tatu nitamtaja mbele.

Baada ya hilo, shikamoo. Hujambo lakini? Ule mguu uliokusumbua wakati wa baridi umepoa? Na macho je? Nauliza macho kwa makusudi, maana sasa ndiyo najua uliyatumiaje. Mapacha wanaendeleaje na masomo? Katika barua yako ya mwisho ulisema Pacha Mdogo ameanza kubishana na walimu. Mwache abishane kidogo. Katika ukoo huu wabishi wamebaki wachache.

Sisi huku hatujambo, kwa kusema tu. Mama anashona kama kawaida na kulalamika kama kawaida. Baba magoti yanamuuma, na tangu astaafu anasoma gazeti lote hadi matangazo ya vifo, kwa ile lenzi yako ya mkono uliyoiacha kwenye droo ya sebuleni. Huifuta kwa ncha ya shati kabla ya kusoma, na huifuta tena akimaliza. Ukiigusa unakaripiwa. Mwenye lenzi hatajwi.

Mimi afya ninayo, ila nimechoka, Shangazi. Si ule uchovu wa kulala ukaamka umekwisha. Nikifumba macho naona michirizi, nikifumbua naona michirizi. Shingo imekuwa kama mlango wenye bawaba mbovu. Mama anasema ninazeeka kabla ya kuoa, na kwamba kazi ya kuhesabu nyota haijawahi kumnenepesha mtu.

Miezi minane sasa nimekaa palepale ulipokuwa umekaa: chumba cha kadi, meza ya taa ya pili kutoka dirishani. Kiti kimebadilishwa, meza ni ileile. Pembeni, chini kidogo ya ukingo, kuna mistari saba midogo iliyochongwa kwa ncha ya sindano. Sijamuuliza mtu aliyeichonga.

Kazi unaijua. Nashika kioo kilichopigwa picha ya anga kwa ncha za vidole, nakilaza juu ya taa, nainama na lenzi. Kila kitu kimegeuka: anga ni nyeupe, nyota ni nyeusi, na kila nyota imechanuliwa mwanga wake ikawa mchirizi mfupi kama alama ya ukucha. Ndani ya mchirizi mna mistari myembamba. Nasoma mistari, naandika herufi kwenye kadi. Mia mbili kwa siku. Ikifika alasiri sijui tena kama natazama nyota au upele.

Siku yangu ya kwanza niliwasikia wenzangu wakiimba chinichini: “Ole, bibi arusi, fundi gani kakushonea mavazi?” Nikajitazama shati, nikadhani nasimangwa. Kumbe ndivyo wanavyokariri mpangilio wa herufi, kuanzia nyota ya moto mkali kabisa hadi ya moto hafifu: O, B, A, F, G, K, M. Hakuna aliyejua ni nani aliyeutunga wimbo huo. Mama Lenzi, yule mama anayesafisha lenzi na vioo, akaja na ndoo yake akaninong'oneza, “Kamuulize shangazi yako.” Yeye ndiye wa tatu wetu. Bado yupo, bado anavuta mguu, bado anamwita kila mtu “mwanangu” hata wanaomzidi umri.

Sasa niazime sikio la mwalimu. Nimeandika maelezo ya kuipelekea Kamati, nikipata moyo wa kuyapeleka. Ndani ya Kamati wamo wataalamu wa falaki, lakini wamo pia watu wa majengo ambao hawatofautishi nyota na taa ya barabarani. Kwa hiyo nimetumia maneno ya kawaida. Nisahihishe nilipokosea, kwa wino wowote isipokuwa mwekundu.

Nimeanza kwa kusema herufi si umri wa nyota wala ukubwa wake, bali ni joto la ngozi yake. O ni ya buluu, digrii elfu thelathini na zaidi. B nayo ni ya buluu, na mistari ya heli inaonekana ndani yake. A ni nyeupe, na hapo mistari ya haidrojeni ndiyo minene kuliko kwingine kote. Ukiendelea hadi F na G haidrojeni inanyong'onyea, kalsiamu na chuma vinajitokeza. Jua letu ni G, digrii elfu tano na mia kadhaa. K ni ya rangi ya chungwa, M ni nyekundu, chini ya elfu nne. Waliotutangulia walizipanga A, B, C kwa unene wa mistari ya haidrojeni tu. Walipokuja kulielewa joto wakazipanga upya na kuzitupa nyingine, ndiyo maana herufi zimekaa kama watoto waliogombania viti.

Kisha nimeeleza maisha. Wingu la gesi na vumbi linajikunja kwa uzito wake lenyewe, kiini kinapata joto, haidrojeni inaanza kugeuka heli, na nyota imezaliwa. Hapo inatulia. Sehemu kubwa ya umri wake ni utulivu huo. Nyota nzito zinakula kwa pupa na kumaliza akiba kwa miaka milioni chache. Nyepesi zinakula kwa adabu na kuishi kuliko hesabu zetu. Jua liko kati, limekula karibu nusu ya sahani. Haidrojeni ya kiini ikiisha, nyota kama Jua inavimba, ngozi yake inapoa, inakuwa jitu jekundu. Baadaye inavua ngozi hiyo polepole na kubakisha kiini kitupu, kibete cheupe kisichozidi Dunia kwa ukubwa, kinachopoa kama pasi iliyochomolewa. Zile nzito sana hazifi kwa upole. Zinalipuka, na kinachobaki ni gololi nzito ajabu ya nyutroni au shimo jeusi.

Haya si mageni kwangu, wewe ndiye uliyenianzishia. Nilikuwa na miaka tisa, ulipokuja kwenye msiba wa Bibi ukakaa nasi siku nne. Watu wazima walikuwa ndani wakikusema. Ulinitoa uani ukanionyesha nyota mbili, ukasema ile nyekundu ni mzee aliyevimba miguu na ile ya buluu ni kijana mwenye pupa. Niliporudi ndani Baba aliniambia, “Usiwe kama shangazi yako. Alifukuzwa kwa uzembe.” Nimeisikia sentensi hiyo kila mtihani, kila ripoti ya shule, na asubuhi niliyokwenda kuanza kazi.

Mwisho wa maelezo yangu kuna mstari ulionichukua wiki mbili: “Mabadiliko haya huchukua mamilioni ya miaka, isipokuwa mara chache sana.” Hapo kwenye “isipokuwa” ndipo ulipo wewe, Shangazi, na ndipo ninapokuogopa.

Katika wiki yangu ya kwanza msimamizi alinipa sanduku la kadi za zamani zenye alama nyekundu. Msimamizi ni yuleyule Bwana Rula wa wakati wako, ila sasa rula ni ya chuma na tumbo limemtangulia. Akasema, “Sawazisha.” Maana yake unajua: kadi isiyolingana na Kitabu Kikubwa, ile orodha ya nyota zote, futa, andika cha Kitabu. Nyota haibadiliki mbele ya karani, kwa hiyo kadi zikitofautiana, karani ndiye aliyekosa. Nikasawazisha. Siku ya tatu ikaja kadi ya nyota nambari 4417. Kitabu kilisema B. Kadi ilisema A, kwa penseli nzito, na chini yake maneno madogo: “Nimetazama mara tatu.” Kando yake, kwa wino mwekundu: “Kosa.”

Ile saba ya 4417 ilikuwa na mkanda kiunoni, kistari cha kuikata katikati. Ndiyo saba ya barua zako zote za kila mwaka. Niliujua mkono wako, Shangazi. Sitakudanganya kwamba sikuujua. Nilitazama huku na huku, nikachukua raba, nikafuta A, nikafuta na maneno yako, nikapuliza vumbi, nikaandika B. Nilikuwa na siku tatu kazini na niliogopa mtu asije akasema damu ni ileile.

Miezi saba ikapita. Mwezi uliopita kikaletwa mezani kwangu kioo kipya, kimepigwa mwaka jana, na ndani yake mna 4417. Nikaisoma nikaandika G. Nikashtuka. Nikadhani nimesoma nyota ya jirani. Nikahesabu majirani wote kutoka kila upande, nikairudia baada ya chai, nikairudia asubuhi. G. Kalsiamu ilikuwa wazi kama meno ya mbele.

Nikashuka ghalani nikatoa vioo viwili vya zamani. Cha kwanza kina miaka arobaini, ndicho walichokitumia kuandika Kitabu Kikubwa: B, hakuna ubishi. Cha pili ni chako, cha miaka ishirini na sita iliyopita. Nikainama. Mistari ya haidrojeni ilikuwa minene kiasi kwamba hata Baba angeiona bila lenzi. A. Nimetazama mara tatu.

Hukukosea. Kitabu nacho hakikukosea. Nyota ndiyo iliyobadilika, tena mbele ya makarani.

Nimetafuta katika majarida ya maktaba na nimepata maelezo. Kuna nyota zilizokwisha kuvua ngozi zinazoelekea kuwa kibete, kila mtu amekwisha kuzihesabu kuwa maiti, halafu mabaki ya heli ndani yake yanawaka tena ghafla, kama kaa lililosahauliwa majivuni. Nyota inavimba upya na ngozi inapoa, tena upesi, katika miaka ya binadamu wala si ya nyota. B inakuwa A, A inakuwa F, F inakuwa G. Zinazojulikana ni za kuhesabu kwa vidole. Kama nasoma sawa, yako ni mojawapo, na wewe uliiona ikiwa njiani.

Nilimwendea Bwana Rula. Nilijiandaa siku nzima. Nilipomaliza alinitazama kwa huruma, na afadhali angenifokea.

“Kijana, nyota inaishi miaka mamilioni. Wewe una miezi minane. Kati yenu wawili, nani ana nafasi kubwa ya kukosea?”

Wenzangu wakacheka. Mmoja akasema, “Mwache, nyota imempenda, imembadilishia nguo.” Nikacheka nao. Nakwambia na hilo pia, nilicheka nao.

Na sasa jambo lenyewe. Ghala la chini linavunjwa. Vioo vyote vya zamani, elfu moja na mia moja, vitachukuliwa na fundi wa vioo tarehe 28, vikwanguliwe picha, vioshwe, vitiwe kwenye madirisha ya jengo jipya. Kabla ya hapo lazima nisaini fomu isemayo: “Nimelinganisha vioo vyote na kadi. Hakuna tofauti.” Tarehe 30 kipindi changu cha majaribio kinakwisha. Nikisaini, naajiriwa, na nyota yako inakuwa dirisha la choo. Nisiposaini, unajua mlango unavyofunguka kwa nje.

Kioo chako nimekitoa katika safu yake. Sikukipeleka nyumbani, huo ungekuwa wizi. Kiko chumbani kwa Mama Lenzi, katikati ya vitambaa vyake vya kufutia. Nilipompelekea alikishika, akakiinua dirishani, akasema, “Haya, mwanangu, wewe ni damu ya yule bibi kweli. Kila kitu mara tatu. Hata chai alikuwa akiionja mara tatu.” Ndipo aliponieleza habari ambayo nyumbani haijawahi kusemwa. Kwamba hukufukuzwa ukiwa kimya. Kwamba ulisimama katikati ya chumba na kioo mkononi ukamwomba karani mmoja tu aje atazame, kwa sababu kanuni inasema akiona mmoja ni kosa, wakiona wawili ni tofauti. Tofauti haifutwi na msimamizi, inakwenda moja kwa moja kwa Kamati, na kioo chake hakiguswi. Wewe ulikuwa unahitaji jozi moja tu ya macho. “Walikuwa kumi na wanne,” alisema Mama Lenzi, “wote waliinamia vioo vyao kama wanasali.”

Siku hiyo nilirudi nyumbani sina hamu ya kula. Baba alikuwa na gazeti lake. Bila kuinua uso aliniuliza, “Ile nyota ya shangazi yako bado ipo?”

Nikamwambia ipo.

“Inasemaje?”

Nikasema sijui. Akalishusha gazeti. Kisha akasema, “Aliniomba niende naye kwa msimamizi wake. Nikamwambia alichopanda ndicho atakachovuna.” Akaifuta lenzi, safari hii kabla hajasoma neno hata moja, akaiweka mezani, akaenda kulala jua halijazama. Nakuandikia tu kama lilivyokuwa.

Shangazi, nimechelewa miaka ishirini na sita, lakini karani wa pili nimepatikana. Nimeandika usomaji wangu nikausaini: kioo cha zamani, A, kioo kipya, G. Katika karatasi hiyohiyo nimekiri kwamba kadi ilikuwa na herufi yako na kwamba niliifuta mimi, kwa raba yangu. Huenda hilo peke yake likatosha kuniondoa. Kinachokosekana ni usomaji wako, maana ushahidi wako niliuharibu mwenyewe. Kadi sasa haina A. Jana niliifuta na ile B yangu. Kilichobaki ni neno “Kosa” peke yake, likionyesha nafasi tupu, na kwa mara ya kwanza kadi ile inasema kweli: kosa lililopo pale ni langu.

Kadi hiyo nimeitia humu ndani. Kuitoa ofisini ni marufuku, kwa hiyo uishike kwa vidole vikavu. Nakuomba uandike tena ulichokisoma, utie saini, na utie tarehe ya siku utakayoandika, si ya zamani, ili asije mtu akasema tumeghushi. Kama bado unalo daftari lako la wakati ule, nakili ukurasa wake.

Najua ninachokuomba. Utatajwa upya katika chumba kilichokutema, na kaka yako atasikia. Una haki ya kukataa, na sitakulaumu leo wala kesho. Ila sitaki ujidanganye juu yangu. Nikiwa peke yangu mbele ya fomu ile, najijua. Nimechoka na ninaogopa, na kalamu itakuwa mkononi. Nitasaini.

Nisalimie sana Pacha Mkubwa na Pacha Mdogo, na yule jirani yako fundi cherehani aliyenitumia vifungo. Mama anakusalimu kila siku bila kujua kwamba namwandikia mtu. Mama Lenzi anasema kiti chako kilikuwa kizuri kuliko hiki cha sasa. Baba hajasema kitu, lakini lenzi haina hata doa.

Mwenyezi Mungu akupe afya, akulindie hayo macho, na anisamehe mimi nisiyestahili kukuomba.

Ni mimi, mtoto wa kaka yako, ninayekupenda, na niliyekupenda hata siku ile niliyokuwa na raba mkononi.

Sasa jinsi ya kunipata. Usitume ofisini, barua hufunguliwa masjala. Usitume nyumbani, Baba anajua mwandiko wako kuliko mimi. Tuma kwa fundi viatu aliye mkabala na lango letu la nyuma, kwa anwani niliyoibana kwenye kadi. Juu ya bahasha andika “Mwenye viatu vya kahawia”, basi. Weka kadi kati ya vipande viwili vya boksi gumu isikunjike. Posta huchukua siku saba, nane mvua ikinyesha, kwa hiyo usipitishe tarehe 18.

Ukikaa kuandika, iinamishe kadi kwenye mwanga wa dirisha. Penseli yako ilikuwa nzito na raba haikufika chini. A yako bado iko pale, imezama kwenye karatasi. Pitisha kalamu humohumo.

Mimi hutoka kazini saa kumi na nusu. Nitasimama kwa fundi kila siku nimuulize kama viatu vyangu viko tayari. Akisema bado, nitarudi kesho yake, hadi tarehe 27.